Shiku, Nimeiomba Meza Yako

Rafiki yangu Shiku,

Nimeolewa! Najua haifai kuanza hivi barua kwa mtu aliyelala. Ningepaswa kukusalimu kwanza na kukuuliza huko kukoje. Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kunisalimu. Ulikuwa unaingia jikoni asubuhi, kofia ya baridi bado kichwani, unaanzia hadithi katikati, "halafu yule mwanamke akaniambia hivi," na mimi nabaki kukimbizana na mwanzo. Basi leo ni zamu yako kuutafuta mwanzo. Nimeolewa, Shiku. Na Musyoka. Yule yule wa duka la vifaa vya ujenzi kule Mowlem, uliyemwita Bwana Misumari kwa sababu kila alipokuja kununua andazi mifuko yake ililia kama kikapu cha sadaka.

Naandika nikiwa mezani kwetu. Kwetu! Bado neno hilo linanitekenya. Tunakaa papa hapa Umoja, katika vile vyumba vilivyoongezwa juu ya nyumba ya zamani, ambapo ukifungua dirisha unaweza kupokea chumvi kutoka kwa jirani bila kutoka nje. Tumetoka kanisani. Musyoka ameshuka kuchota maji, kwa kuwa leo mfereji ni zamu ya upande mwingine, na namsikia chini akimtania mama mboga kuhusu sukuma wiki zake zilizolala. Sasa anaimba. Anaimba vibaya, Shiku, vibaya sana, na mimi nimeacha kalamu nimsikilize.

Nimerudi. Nikueleze harusi.

Najua ungetaka kusikia habari za keki kabla ya gauni, kwa hiyo gauni nitaliruka: lilikuwa jeupe, lilinibana kwapani, nilipendeza. Keki aliitengeneza Madam mwenyewe. Tangu tulipokuzika Murang'a, ule udongo mwekundu ukitushika viatu kama unaotuomba tusiondoke, hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa meza yako ya keki za harusi pale jikoni kazini. Madam anasimamia duka, anapokea oda, anapiga simu za unga na mayai, halafu jioni anavaa aproni na kupaka keki aisingi akiwa amechoka hadi macho yanamwingia ndani. Keki yangu aliifanya hivyo hivyo, na hakukubali nimsaidie. "Bi harusi hajipikii," alisema. Ilikuwa ya orofa, ndefu kumpita mama mkwe wangu, nyeupe, na maua ya zambarau yakishuka upande mmoja kama yanayoteremka ngazi.

Unaijua siri ya keki hizo. Orofa karibu zote ni za uongo, ni lile boksi jeupe jepesi la povu lililokauka, la kufungia televisheni na mabeseni, limepakwa aisingi likapata heshima. Ya kweli ni orofa moja tu ya kukatwa mbele ya kamera. Keki ya wageni hukaa nyuma ya hema, imekatwa tayari kwenye trei. Maharusi huambiwa asubuhi orofa ya kukata, na kufikia mchana wameshasahau hata majina yao. Ndiyo maana wewe ulikuwa unaweka kile kitumba. Kitumba kimoja cha waridi la sukari, kidogo kama punje ya njegere, mahali hasa pa kutia kisu. "Mkichanganyikiwa," ulikuwa unawaambia, "msinitafute mimi, tafuteni kitumba."

Matroni wa keki alikuwa shangazi yake Musyoka kutoka Machakos. Huyo mama ana mwili na ana madaha! Alicheza na kisu kutoka langoni hadi kwenye hema, akichukua hatua mbele na kurudi nyuma, wanawake wakimpigia vigelegele, na alipofika akaanza kuwaeleza wageni tulichotia ndani ya keki. Unga ni msingi wa nyumba. Sukari ni upendo. Mayai ni umoja. Mimi nikakusikia wewe sikioni, sauti yako kabisa, ukiuliza kama ulivyozoea kuuliza: "Na chumvi ni nani, mama mkwe?" Nikacheka mbele ya pasta. Ilibidi nijifanye ninakohoa.

Halafu tukapewa kisu. Musyoka akaweka mkono wake juu ya wangu. Shiku, ule mkono! Mkono wa mtu anayebeba mabati siku nzima, na ulinishika kama unashika yai. Nikatafuta kitumba. Nilikitafuta mbele, nikatafuta pembeni. Hakikuwepo, maana Madam hakuwahi kujua unakiweka kwa nini, alidhani ni pambo lako tu. Nikamtazama Musyoka ili aniambie ni orofa gani, naye akanitazama kwa macho yale, na mimi, mtu wa keki, niliyepaka aisingi kwenye maboksi hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikasahau dunia. Tukasukuma kisu.

Kikalia kwiiii.

Kevo wetu wa oveni alikuwa amesimama nyuma na trei. Unamjua, hajui kunong'ona. "Manze, bi harusi anakata boksi ya TV!"

Watu walicheka hadi kamba za hema zikacheza. Shangazi akatusogezea mikono kwenye orofa ya chini, tukakata, tukalishana, mama mkwe akapata kipande chake na kukisifu. Nilicheka kuliko wote. Lakini nilipoketi machozi yalikuja, na watu wakasema ni furaha. Ilikuwa furaha. Ilikuwa pia kile kitumba.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Niliporudi kazini baada ya likizo nilikuta kiti. Kiti chenye mgongo, chenye mto mwekundu, kimewekwa pale dirishani panapoingia hewa, mbele yake meza ndogo, na mifuko ya krimu imepangwa kwa rangi. Madam amesimama kando yake, mikono ameifumba tumboni kama mtu anayengoja kuombewa.

"Mueni, hii ni zawadi yangu ya harusi," akaniambia. "Kuanzia leo hutasimama tena. Hakuna kupiga mayai, hakuna kubeba sinia za oveni. Wewe ni wa kuandika majina tu."

"Mrs wa mtu!" Kevo akapaza sauti kutoka kwa oveni. "Hiyo ni kiti ya bosi! Sisi wasee wa kusota tutasimama hadi Yesu arudi."

Kila mtu akapiga makofi. Nilimshukuru Madam, na nilimshukuru kwa kweli, kwa kuwa uliona uso wake alivyofurahi. Samahani, hukuuona. Bado ninafanya hivyo, ninasema "uliona" kana kwamba ulikuwa umeegemea friji unakula makombo ya keki.

Nikakaa. Nikaandika majina.

Heri ya kuzaliwa Brayo. Heri ya kuzaliwa Mama Faith. Heri ya kuzaliwa Shosh, tunakupenda. Wiki ya kwanza niliifurahia, miguu ilipumzika, niliwaza mambo ya nyumba yangu mpya na mapazia yangu. Baadaye mawazo ya mapazia yakaisha. Mkono wangu ulikuwa umeijua kazi hiyo kitambo, ukawa unaifanya peke yake, na kichwa kikabaki kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Siku moja niliandika keki nzima, nikaifunga boksi, nikamkabidhi mwenyewe, na alipotoka mlangoni sikuweza kukumbuka niliandika jina la nani. Nikaogopa. Nilimkimbilia hadi barabarani nikamwomba afungue boksi. Jina lilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonihuzunisha zaidi, kwamba lilikuwa sawa bila mimi kuwepo.

Na nyumbani nina furaha ya kupasuka! Hiyo ndiyo iliyonichanganya. Nilijiuliza, mtu aliyepewa mume kama huyu, na kiti cha mto mwekundu juu yake, ana haki gani ya kulalamika? Dada zangu wangapi wanaulizia kazi kutoka Donholm hadi Dandora? Nikajizomea. Lakini kila jioni Musyoka akija, kabla hajavua viatu, ananiuliza, "Mpenzi, niambie ya leo." Yeye ana zake. Kuna mzee alitaka kurudisha ndoo ya rangi iliyobaki nusu. Kuna mafundi waliogombania toroli. Mimi nilikuwa nafungua kinywa, na hakuna kitu. Zamani nilikuwa na wewe wa kumsimulia: Shiku amejenga keki ya umbo la biblia, Shiku amemfokea bwana harusi. Sasa nilikuwa na Brayo na Shosh. Nataka kumpelekea mume wangu hadithi jioni, Shiku. Inaonekana ni jambo dogo nikiliandika, lakini kwangu ni kubwa.

Akaanza kuniona nimenyamaza. Akaniuliza kama ni yeye. Hapo nikajua lazima niseme na Madam.

Unakumbuka ulivyokuwa unanifanyisha mazoezi ya kusema na bosi? Ulijitwika lile chujio la unga kichwani, ukavuta kidevu ndani, ukawa Madam. "Eeh, Mueni, sema, chai yangu inapoa." Nami nikasema, "Madam, nimechoka na kazi hii." Ukalitupa chujio mezani. "Hapana! Mwambie bosi umechoka, atakupeleka ukapumzike. Mwambie una njaa. Aliyechoka hupewa kiti, mwenye njaa hupewa sahani." Tulicheka, nikayaacha yapite, kwa kuwa wakati huo njaa yangu ilikuwa inashibishwa na kusimama kando yako, kukushikia mfuko wa krimu, kutazama vile unavyolivuta waridi kwa mzunguko mmoja wa kiganja. Sasa kiti ninacho kweli, na chenye mto.

Na sahani niliyoitaka ilikuwa yako.

Ndiyo shida niliyokuwa nayo, siwezi kukuficha. Sikutaka kazi nyingine yoyote. Nilitaka meza ya harusi. Iko pale pale ulipoiacha, chini ya rafu ya mabati ya kuokea, na kibao chako cha kuzungushia keki kimefunikwa kitambaa cha maua. Madam hufunua, hufanya kazi, hufunika tena. Kuiomba meza hiyo nilijisikia kama mtu anayeomba viatu vya marehemu kabla maua ya kaburi hayajakauka. Nilikuwa nakipita kile kitambaa nimeinamisha macho.

Mara ya kwanza nilishindwa. Niligonga mlango wa kile kijiofisi chake cha stoo, kati ya magunia ya sukari. Madam akainuka, akanipa kiti, akanifungulia soda, akauliza, "Hewa ya dirishani inakutosha?" Nikasema inatosha. Akauliza kama mto ni mgumu. Nikasema si mgumu. Nikajikuta ninamshukuru tena kwa kiti! Nilitoka pale na chupa ya soda mkononi, na Kevo akaniangalia akatikisa kichwa. "Ulienda kuomba kazi ukaomba soda?"

Nilimsimulia Musyoka, nikitarajia acheke. Hakucheka. Aliinuka akaenda kunawa, nikadhani nimemuudhi. Kesho yake jioni alipanda ngazi akiwa amekumbatia mzigo mkubwa kumzidi, majirani wamesimama milangoni wakitazama. Yalikuwa yale maboksi meupe mepesi, yanayokuja dukani kwao yakifunga sinki. Alikuwa amekaa nyuma ya duka wakati wa chakula cha mchana akiyakata kwa msumeno mdogo na kuyasugua kwa msasa hadi yakawa mviringo. Orofa kwa orofa, Shiku. Alikuwa na unga mweupe hadi kwenye nyusi. Akasema, "Sijui kusema na bosi wako. Lakini boksi najua kukata. Fanya mazoezi, ukienda tena mikono yako itakuwa na la kusema."

Mimi nilimwoa mtu, au mtu alinioa mimi, sijui nani alibahatika, ila najua ni mimi.

Basi sebule yetu ikawa karakana. Nilichanganya mafuta ya kupikia yaliyoganda na sukari laini, nikapaka, nikakwangua, nikapaka tena. Waridi langu la kwanza lilifanana na kabichi. Musyoka alikuwa ndiye mteja. Alikaa kwenye stuli, miguu juu ya miguu, akasema kwa sauti ya tajiri, "Mimi nataka keki ya kumnyamazisha mama mkwe." Waridi lilipokaa vizuri alipiga makofi. Lilipoanguka alilila. Amenenepa, na ninajivunia.

Nilipoona kwamba mkono umeanza kunitii, nikachukua orofa moja ndogo, nikaipamba, nikaifunga boksi na kwenda nayo kazini. Nikagonga. Madam akanyoosha mkono kufungua soda. Nikasema, "Madam, leo sitaki soda. Naomba tuongee, na naomba nisimame."

Akaketi yeye.

Sikuanza na uchovu. Nilikumbuka chujio kichwani mwako. Nikamwambia, "Madam, nina njaa." Akashtuka, akatazama mkate uliokuwa mezani. Nikasema, "Njaa ya kazi. Ulinipa kiti kwa upendo na ninakujua moyo wako. Lakini nikiwa nimeketi pale kazi inajifanya yenyewe, mimi sipo. Nataka kazi itakayonitoa jasho. Nataka kukosea na kurudia. Nataka kusaidia kwenye meza ya harusi." Nikaongeza haraka, "Si kuichukua. Kusaidia."

Nikafungua boksi, nikaweka keki yangu ya uongo mbele yake, katikati ya karatasi za oda.

Kidole chake kikaenda pembeni, chini, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia, kikagusa kitumba.

"Hiki alikuwa anaweka Shiku," akasema.

Nikamweleza kazi yake. Nikamweleza kuhusu kisu, na maharusi wanaosahau, na maneno uliyokuwa unawaambia. Akafunika mdomo. "Kwa hiyo siku ya harusi yako... ile kelele..." Nikasema, ndiyo, Madam, ile kelele. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika magunia, halafu kicheko kikageuka, nikaona anafuta macho kwa upindo wa aproni, na mimi pia, tukawa wanawake wawili ndani ya stoo ya sukari tunakulilia kwa sababu ya boksi la televisheni.

Alipopoa aliniambia kitu ambacho sidhani aliwahi kukuambia. Alipokuwa bi harusi mpya alifanya kazi kwenye oveni ya mtu mwingine, mjini. Alisimama siku nzima, alibeba sinia, na hakuna aliyemwuliza anajisikiaje. Alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza. Haikukaa. "Niliapa," akasema, "nikiwahi kuwa na watu chini yangu, bi harusi wangu atakaa. Sikukuuliza kama unataka kukaa. Nilikuwa namkalisha yule msichana mwingine, wa zamani."

Shiku, mimi nilikuwa nimekiita kile kiti gereza! Kimoyomoyo, lakini nilikiita. Nikapiga magoti pale, nikamshika mikono, nikamwambia, "Madam, usikitupe. Niwekee. Siku nitakayokihitaji nitakuja kukiomba kwa mdomo huu huu."

Kisha akarudi kuwa Madam. Akavuta kidevu ndani, vile vile ulivyokuwa unamwiga, karibu nicheke. "Meza sikupi," akasema. "Nakupa kona ya meza. Utafanya chini, mimi juu. Ukiharibu utakwangua urudie, na sitakuhurumia kwa kuwa umeolewa."

"Usinihurumie, Madam."

"Na waridi lako hili, petali za nje ni nene. Shiku angekuchapa."

Ungenichapa, najua.

Siku niliyofunua kitambaa mikono ilikuwa baridi, si kwa sababu ya baridi ya Julai peke yake. Nilikikunja, nikakiweka kwenye droo yako pamoja na ncha zako za bati za kukamulia krimu. Nikaweka orofa juu ya kibao, nikakizungusha. Unajua kilivyo. Kikalia ule mlio wake wa kuku mwenye mafua. Na Kevo, amegeuka kwa oveni, amezoea, akapaza sauti bila kufikiri: "Shiku, tia mafuta hiyo kitu!"

Kevo akageuka polepole, kitambaa cha oveni mkononi, uso wake, Shiku, uso wa mtoto aliyevunja kikombe cha wageni. Akasema, "Pole, Mueni. Pole Madam. Imetoka tu."

Sijui nguvu nilipata wapi. Nikasema, "Sitii mafuta. Wacha ilie. Ndivyo tutakavyojua keki inatengenezwa." Kevo akapangusa pua kwa mkono akasema, "Poa basi, ilie." Nikazungusha tena. Kikalia siku nzima mle jikoni, na hakuna aliyelalamika.

Keki ilikuwa ya maharusi wa Mowlem, kijana fundi wa nyumba na msichana mwalimu wa chekechea. Orofa ya chini, ile ya kweli, ilikuwa yangu. Niliikwangua nikairudia. Madam alipita, akainama, akasema "mm" tu, na ile "mm" niliibeba nyumbani kama mshahara. Jumamosi nilikwenda na Kevo kwa gari kuipanga pale harusini, na kabla sherehe haijaanza nikamnong'oneza bi harusi, maneno yako, sikubadilisha hata moja: "Mkichanganyikiwa, tafuteni kitumba."

Nilisimama nyuma ya hema na trei. Matroni alicheza, akahubiri juu ya unga na mayai, akawapa kisu. Wakashikana mikono. Nikaona bwana harusi amechanganyikiwa kabisa, kisu kinakwenda juu, kinakwenda kwa boksi. Bi harusi akamshika kifundo cha mkono. Akainama kidogo. Macho yake yakatafuta, yakapita maua makubwa, yakashuka, yakasimama. Akatabasamu. Akakishusha kisu hadi pale, na kisu kikaingia kimya, kimya kabisa, ndani ya keki ya kweli.

Vigelegele vililipuka, na mimi nikawa natokwa na machozi juu ya trei ya wageni. Kevo akanipokonya. "Mrs, usitie chumvi keki ya watu."

Jioni hiyo Musyoka alifungua mlango, hajavua viatu, akasema, "Mpenzi, niambie ya leo." Nikamwambia. Nilimwambia hadi chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena.

Amepanda na maji, namsikia ananiuliza ninaandika nini na mbona ninatabasamu kwenye karatasi. Nitamwambia ninakusimulia wewe, naye atasema nikupelekee salamu za Bwana Misumari. Hizo hapo, zipokee.

Nikuache sasa, Shiku wangu. Lala vizuri kwenye udongo wenu mwekundu, na huko uliko kama kuna harusi, waambie mahali pa kutia kisu. Meza yako iko salama. Bado ni yako, mimi niko konani. Kitumba sitakisahau kwenye keki yoyote itakayopita mikononi mwangu. Na ninakuahidi lingine, ambalo hukunifundisha kwa maneno: msichana yeyote atakayekuja kwangu siku moja, amesimama mlangoni anasitasita, sitamfungulia soda kabla hajasema. Nitamwuliza kwanza kama amechoka au ana njaa. Akisema amechoka, kiti kipo, na mto wake mwekundu. Akisema ana njaa, nitasogea, nimpe kona.

Wako anayekupenda, sasa mke wa mtu,

Mueni